UZI: TB kwenye kulungu wa kufugwa – kupima, kusoma na kulisafisha kundi (mfano wa New Zealand)

#1 Ayala_wa_Kusini

Salaam wadau wa mifugo.

Kila mada ya TB ya ng'ombe ikifunguliwa, swali la kulungu wa kufugwa hujibiwa kwa mstari mmoja: "wapime kama ng'ombe." Jibu hilo ndilo linaloharibu kazi. Naomba wanaoijua shughuli waweke mambo yao hapa: sindano, maabara, machinjio, na namna ya kulitoa kundi kwenye karantini.

Jina kwanza, tusije tukabishana ukurasa wa pili. Hapa "kulungu" simaanishi pongo wetu wa vichakani, ambaye pembe zake ni za maisha. Namaanisha ayala, yule wa Zaburi ya 42, ambaye pembe za dume hudondoka na kuota upya kila mwaka. Wanaofugwa zaidi New Zealand ni kulungu mwekundu na chotara wake na wapiti, kwa ajili ya nyama na pembe changa zinazokatwa zikiwa bado na ngozi laini ya mahameli.

Nimechagua New Zealand kwa sababu huko ufugaji huu ni sekta kamili yenye kumbukumbu. Ulihalalishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. TB ikaonekana kwenye kulungu wa kufugwa mwaka 1978. Mwaka 1985 ukaanza mpango wa hiari wa kupima, na 1990 ukawa wa lazima. Katikati ya miaka ya 1990 makundi ya ng'ombe na kulungu yaliyoambukizwa, ukiyajumlisha, yalikuwa yapata 1,700. Leo yameshuka chini sana ya mia.

Mdudu ni Mycobacterium bovis, yuleyule wa ng'ombe. Tofauti iko kwenye mwili wa mnyama. Kulungu hupata sana majipu kwenye tezi za nyuma ya koo. Jipu likipasukia kooni, mate na makohozi yanabeba vimelea vingi, na kulungu ni wanyama wa kunusana, kulambana na kubanana kwenye chakula cha majira ya baridi. Tezi ya mmoja inaweza kuwa tatizo la zizi zima kabla hajakonda hata kilo moja. Wengi wanaokutwa na TB machinjioni walikuwa wanang'aa manyoya.

Kwa hiyo msimamo wangu tangu mwanzo wa uzi: kwenye kulungu unapima KUNDI. Mnyama mmoja mwenye jibu hasi hakuambii kitu cha maana mpaka ujue anatoka kundi gani. Karibuni.

#2 BwanaMifugo77

Mkuu, nimekusoma. Lakini sindano si ileile? Tuberkulini (dawa ya kupimia TB kwenye ngozi), 0.1 ml, siku tatu, unasoma. Ugumu uko wapi?

#3 MikonoMiwili

BwanaMifugo77, dawa ni ileile. Ugumu uko kwenye mnyama na kwenye mikono ya anayepima. Nishuke hatua kwa hatua.

*Majira.* Usipime madume msimu wa kupandana. Kwa kusini mwa dunia hiyo ni Machi na Aprili. Dume wakati huo anaua mtu. Majike wanaokaribia kuzaa, Novemba na Desemba, waache pia. Dirisha zuri ni baada ya kuachisha ndama, miezi ya baridi. Kasoro ya miezi hiyo ni manyoya marefu, kwa hiyo mashine ya kunyolea iwe na makali.

*Banda.* Kulungu hakamatwi kwa kamba. Anapitishwa kwenye banda lenye kuta zisizo na upenyo, ndefu kupita macho yake, mwanga hafifu, vyumba vidogo, halafu kibanio kinachombana mbavuni kwa mito. Waingize wachache, wasizidi kumi kwa chumba. Mnyama aliyekimbizwa nusu saa kwa mbwa na pikipiki anaweza kufa baadaye kwa misuli kuharibika, na hapo utaambiwa tuberkulini imemuua.

*Hesabu.* Soma hereni ya kila mnyama kabla ya sindano na andika. Aliyepoteza hereni avishwe nyingine palepale. Ukiwachoma 312 na siku ya tatu ukasoma 309, hujamaliza. Wale watatu waliojificha bondeni ndio unaowatafuta.

*Kunyoa.* Katikati ya shingo, upana wa kiganja. Nyoa mpaka ngozi ionekane. Kisha pitisha vidole: kama kuna kovu, kupe au kidonda, hama mahali. Uvimbe wa kupe siku ya tatu unafanana na jibu chanya kama pacha.

*Sindano.* 0.1 ml ya tuberkulini ya M. bovis, ndani ya tabaka za ngozi. Si chini yake. Ngozi ya kulungu ni nyembamba kuliko ya ng'ombe, na hapa ndipo wengi wanapokosea: sindano inavuka, dawa inaingia nafasi iliyo chini, mnyama anaonekana msafi siku ya tatu. Ukishatoa sindano, gusa. Lazima usikie kipele kigumu kama punje ya dengu. Usipokisikia, choma upya pembeni na uandike kwamba alichomwa mara mbili. Kila baada ya wanyama kadhaa jaribu bomba hewani uone kama linatoa kipimo kamili. Bomba lenye hewa ndani linatoa nusu dozi na halisemi. Viwango vya kimataifa vinataka dozi isipungue IU 2,000.

*Dawa.* Ihifadhiwe nyuzi 2 hadi 8, isigande, isikae juani kwenye kioo cha gari. Chupa iliyofunguliwa imalizwe siku hiyohiyo.

*Kusoma.* Saa 72, pungufu au ziada ya saa 6. Mnyama anarudi kibanioni, kila mmoja, anaguswa kwa vidole. Kusoma kwa macho kutoka juu ya ukuta ni kujidanganya. Kwa kipimo cha sindano moja kwa kulungu, utaratibu wa Marekani unahesabu uvimbe wowote unaoonekana au kuguswika. Ukianza kusema "huu ni mdogo, tuuache", umeshaondoka kwenye kipimo na kuingia kwenye maoni.

#4 BwanaMifugo77

Sawa daktari. Sasa fundi mzuri, dawa nzuri, kila kitu sawa. Akionyesha uvimbe ni mgonjwa?

#5 HesabuZaZizi

Naomba nijibu hilo kwa namba. Namba hizi ni za mfano tu, msizichukue kama za shamba fulani.

Chukua kundi la 500. Wagonjwa wa kweli 5. Kipimo kinakamata wagonjwa 80 katika kila 100, na kinawaacha wazima 95 katika kila 100 bila kuwasingizia.

Wagonjwa watakaokamatwa: 4. Mmoja atapita.
Wazima watakaosingiziwa: asilimia 5 ya 495, yaani karibu 25.

Una wanyama 29 wenye uvimbe, na 25 kati yao hawana TB. Ukiwachinja wote, mfugaji atakuchukia. Ukiwaachia wote, umeacha wagonjwa 4 pamoja na yule wa tano ambaye hakuonyesha kabisa.

Sasa chukua kundi la 500 ambalo halina TB hata chembe. Wenye uvimbe: 25. Ukiangalia zizini tu, makundi haya mawili huwezi kuyatofautisha, 29 kwa 25. Kinachoyatofautisha ni historia: walinunua wapi, machinjio yalisema nini mwaka jana, msitu ulio jirani una nini. Ndiyo maana Ayala amesema kundi.

Kutokana na hapo kuna njia mbili, na watu huzichanganya:

Kundi lisilo na historia: aliye na uvimbe anapimwa mara ya pili kwa kipimo tofauti, na anahesabiwa mgonjwa akigoma (yaani akitoa jibu chanya) kote kuwili. Unapunguza kusingizia.

Kundi lililothibitishwa kuwa na TB: aliyegoma KIMOJA CHOCHOTE anaondoka. Hapo unakubali kuchinja wazima ili usiache mgonjwa.

Kutumia njia ya kwanza kwenye kundi lenye TB ni kosa linalofanana na huruma. Mfugaji anafurahi mwezi huu, karantini inaongezeka mwaka.

#6 Pipeti

Vizuri. Niongeze kwa nini kulungu wazima wanasingiziwa, maana si bahati mbaya.

Sababu kubwa ni jamaa wengine wa ukoo huohuo wa vimelea. Kuna TB ya ndege kwenye udongo na kinyesi cha ndege, na kuna ugonjwa wa Johne, ule wa utumbo unaoletwa na M. paratuberculosis, ambao kwa kulungu wadogo ni mkali. Kinga za mnyama aliyekutana na hawa zinaigundua tuberkulini ya M. bovis kama ndugu wa adui. Kundi lililochanjwa dhidi ya Johne ndilo gumu zaidi kulisoma, kwa hiyo anayefikiria chanjo hiyo aongee na wasimamizi wa TB kwanza.

Kipimo cha kulinganisha kipo kwa ajili hiyo. Unachoma tuberkulini ya ndege na ya ng'ombe, 0.1 ml kila moja, sehemu mbili za shingo zilizo umbali wa sentimita 12 hivi. Mnyama mdogo ambaye shingo haitoshi, mmoja kila upande. Unapima unene wa ngozi kwa kalipa kabla, unapima tena baada ya saa 72, unalinganisha milimita. Kalipa iwe ileile na mkono uwe uleule; watu wawili wakigawana kusoma, tofauti ya mikono inageuka kuwa ugonjwa.

ONYO: huwezi kumchoma leo ukarudia wiki tatu baadaye. Sindano ya kwanza inaizubaisha ngozi kwa muda, na mgonjwa anasoma msafi. Utaratibu wa Marekani unaruhusu kipimo cha kulinganisha ndani ya siku 10 baada ya kile cha kwanza, la sivyo usubiri siku 90.

Damu sasa. Sindano ileile inayoizubaisha ngozi huichochea damu. Wiki mbili hadi nne baada ya tuberkulini, kingamwili za mnyama mgonjwa hupanda, na kipimo cha kingamwili hufanya kazi vizuri zaidi wakati huo. New Zealand walilitumia hilo mapema. Frank Griffin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Otago walitengeneza kipimo cha damu mahsusi kwa kulungu kilichounganisha mambo matatu: jinsi chembe nyeupe zinavyoitikia tuberkulini, kingamwili, na dalili za uvimbe mwilini.

Kwa nini kuunganisha? Kwa sababu TB ikiwa changa, chembe ndizo zinazoitikia na ngozi inavimba. Ugonjwa ukikomaa na kusambaa, upande huo unachoka, ngozi inanyamaza, kingamwili zinapanda. Mnyama mwenye majipu mwili mzima anaweza kupita kipimo cha ngozi bila alama. Huyu ndiye hatari kuliko wote zizini, na ndiye anayesifiwa "mama mzee hajawahi kugoma."

Mambo ya chupa:

– Damu ya kupima chembe hai: chupa ya heparini, igeuzwe taratibu mara nane hadi kumi, isiwekwe kwenye barafu wala friji, ifike maabara ndani ya saa 24. Chembe zikifa, umepima maji.
– Damu ya kingamwili: chupa isiyo na dawa, iache igande, seramu itenganishwe, hii inaweza kupoozwa.
– Jina la chupa ni namba ya hereni. "Jike mwekundu wa tatu" si jina.

Na kifaa cha kupimia interferoni-gama (kemikali inayotolewa na chembe za kinga) kilichotengenezwa kwa ng'ombe msikitegemee kwa kulungu. Kingamwili zake zilitengenezwa kushika gama ya ng'ombe, ya kulungu hazishiki vizuri.

#7 KisuKikali

Mmeongea sana kuhusu walio hai. Machinjio ndiyo inayokamata TB ambayo ninyi hamkuiona, na haimgharimu mfugaji sindano hata moja.

Kwenye kulungu anza na kichwa. Kikiwa kimeshatengwa na ulimi umeshushwa, tafuta tezi za nyuma ya koo, zile za katikati, kila upande moja. Usizipapase tu. Kata vipande vyembamba, milimita mbili tatu, tezi nzima mpaka iishe. Kidonda kinaweza kuwa sawa na punje ya mtama. Kisha tezi za mapafu na za kifuani, mapafu yenyewe, kisha tezi zilizo kwenye utando wa matumbo. Zile za matumbo zikivimba peke yake, fikiria Johne pia.

Sasa kosa kubwa la mkaguzi aliyezoea ng'ombe: anatafuta kidonda kikavu, cha njano kama jibini, chenye mchanga wa chokaa unaokwaruza kisu. Kulungu mara nyingi hana hicho. Ana jipu lenye ukuta mwembamba na usaha laini, mweupe wa maziwa au wa kijani hafifu, usionuka. Unafanana kabisa na jipu la kawaida la kuchomwa na mwiba. Wapo bakteria wengine wanaoleta majipu kooni, kwa hiyo jicho halitoshi kwa upande wowote. Jipu lolote la kooni kwa kulungu ni TB mpaka maabara iseme sivyo.

Sampuli: gawanya tezi mbili. Nusu kwenye fomalini ya asilimia 10 kwa ajili ya hadubini, maji ya fomalini yawe mara kumi ya ukubwa wa nyama. Nusu nyingine mbichi, kwenye chombo safi, baridi, kwa ajili ya kuotesha. Wakikuletea yote kwenye fomalini, wameshaua kila kilichotakiwa kuota.

Kisu kilichokata usaha kiingie kwenye maji ya nyuzi 82 kabla ya mnyama anayefuata. Na hereni! Masikio yakitupwa kwenye ndoo kabla ya kichwa kukaguliwa, una kidonda kisicho na shamba. Kichwa, mzoga na hereni vitembee pamoja mpaka mwisho wa mstari.

#8 Pipeti

@KisuKikali hapo kwenye kuotesha niongeze mstari. M. bovis hapendi gliserini, anataka piruveti. Maabara ikitumia chakula cha gliserini peke yake, kilichozoeleka kwa TB ya binadamu, itarudisha "hakuna kilichoota" na watu watashangilia. Na subira: wiki 6 hadi 12. PCR (kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea) kwenye tezi yenye kidonda inatoa jibu mapema, lakini otesha hata hivyo, kwa sababu kimelea hai ndicho kinachosomwa vinasaba.

Vinasaba vinajibu swali ambalo mfugaji huuliza kwanza: imetoka wapi? New Zealand wana kumbukumbu za aina za M. bovis kwa maeneo. Aina ya kimelea ikilingana na ya msitu wa jirani, chanzo ni wanyama wa porini. Ikilingana na ya wilaya iliyo kilomita 600, fungua daftari la manunuzi.

#9 BwanaMifugo77

Nimekubali, nilichukulia kirahisi. Sasa kundi limeshathibitishwa. Linatokaje?

#10 Ayala_wa_Kusini

Polepole, na kwa mpangilio huu.

Siku ya kwanza milango inafungwa. Hakuna mnyama anayetoka ila kwenda kuchinjwa, kwa kibali. Kisha unarudi nyuma kwenye kumbukumbu: nani aliuzwa, kwenda wapi, nani alinunuliwa, kutoka wapi. Mashamba hayo yanapimwa. Hapa ndipo hereni za kielektroniki zinapolipa gharama zake. Kule New Zealand kulungu waliingizwa rasmi kwenye NAIT, mfumo wa taifa wa kutambua na kufuatilia mifugo, Machi 2013, na kila uhamisho unatakiwa uingizwe ndani ya saa 48. Mwaka huohuo ndipo NAIT na bodi iliyokuwa ikisimamia TB ziliunganishwa kuwa OSPRI.

Kupima: kundi zima, kila baada ya miezi sita. Kundi linahesabiwa limetoka likipata vipimo viwili safi mfululizo, vilivyopishana kwa angalau miezi sita. Likitoka linaitwa C1, mwaka unaofuata C2, linaendelea hivyo hadi C10. Lenye ugonjwa ni I. Mnunuzi akiona C1 anajua jirani alikuwa mgonjwa juzi. Akiona C10 analala. Si kamili, lakini ni lugha fupi ambayo kila mtu mnadani anaielewa.

Kati ya vipimo ndipo kazi ilipo:

Gawa kundi kwa umri na uyatenge makundi hayo kweli, uzio mara mbili, si waya mmoja wanaonusiana. Ndama waliokwisha kuachishwa waende malisho ambayo majike wakubwa hawajakanyaga msimu huo. Anayezaliwa kwa mama mwenye TB anaweza kuipata kwenye maziwa, basi ndama wa jike aliyegoma anamfuata mama yake machinjioni.

Majike wazee wapeleke mapema hata kama ni wasafi kwenye karatasi. Sababu Pipeti ameshaitoa.

Acha kulisha pamoja. Mstari mrefu wa majani ardhini, unaohamishwa kila siku, ni bora kuliko hori moja ambalo pua hamsini zinalilowesha. Jua linakiua kimelea haraka. Kivuli chenye unyevu kinakitunza.

Na pale ambapo wanyama wanaogoma hawapungui baada ya vipimo vitatu vinne, kaa na mfugaji mfanye hesabu ya kuchinja kundi lote na kuanza upya. Wengi wanaichelewesha kwa sababu ya damu ya madume waliyoitafuta miaka ishirini. Naielewa hoja hiyo. Lakini dume asiyeweza kuuzwa wala kutoa ndama wa kuuzwa, thamani yake ni kilo zake.

#11 UzioMrefu

Mmesahau aliyeiingiza. Kundi unaweza kulisafisha mara tano, likachafuliwa usiku mmoja kutoka msituni.

Kule mwenye lawama kubwa ni posamu, mnyama wa manyoya aliyeletwa kutoka Australia karne ya 19 kwa biashara ya ngozi. TB ilionekana kwake mwaka 1967. Posamu mzima hutembea usiku na kulungu hana habari naye. Posamu anayekufa kwa TB hubadilika: anatoka mchana, anayumba malishoni, analala juani katikati ya nyasi. Watafiti waliwahi kuwapa posamu dawa ya usingizi na kuwaweka malishoni ili waone kulungu watafanya nini. Walimsogelea, wakamnusa, wakamlamba, na waliotangulia mara nyingi walikuwa wakubwa wa kundi. Majipu ya posamu hupasukia nje, kwapani na kinenani. Fikiria ulimi wa kulungu hapo.

Kwa hiyo uzio wa mita mbili hauzuii TB. Unazuia kulungu kutoka. Posamu anapanda nguzo kama ngazi. Kinachofanya kazi ni kupunguza posamu mpaka ugonjwa ukose wa kumwambukiza. Kipimo chao ni mitego: chini ya posamu 2 kwa kila mitego 100 iliyolala usiku mmoja. Wakishuka hapo na wakashikiliwa hapo miaka kadhaa, TB inafifia yenyewe kwa posamu waliobaki. Maeneo makubwa ya misitu hutupiwa chambo cha sumu ya 1080 kwa helikopta, wakitanguliza chambo kisicho na sumu ili posamu wazoee. Kingo za mashamba ni mitego na vituo vya chambo.

Angalizo kwa mwenye kulungu: 1080 inaua kulungu pia, na mbwa akila mzoga wa posamu naye anakwenda. Hamisha wanyama, funga mbwa, fuata tarehe za tahadhari.

Mpango wa mwaka 2016 uliweka shabaha ya mifugo kuwa huru na TB 2026, posamu 2040, na kuifuta kabisa 2055. Ona pengo kati ya ya kwanza na ya mwisho. Hiyo ndiyo tofauti ya zizi na msitu.

#12 HesabuZaZizi

Na Michigan, Marekani, hawana posamu huyo, ila kulungu wa porini wenyewe ndio hifadhi ya ugonjwa tangu miaka ya 1990. Huko kilichochochea ni watu kuwamwagia chakula ili wawinde au wawatazame. Kulungu wakakusanyika pua kwa pua. Mfugaji wa huko anajilinda na jamaa zake kulungu wa nje: uzio mara mbili, na nyasi zilizohifadhiwa mahali ambapo wa porini hawafiki.

#13 Binti_Meru

Wadau, mtu atauliza haya yanatuhusu nini wakati hatufugi ayala. Majirani wa bahari wanafuga: Mauritius wana kulungu wa Java walioletwa na Waholanzi karne ya 17, na hadi leo wanafugwa kwa nyama.

Nyumbani M. bovis ameshatengwa maabara kutoka kwa nyumbu, nyamera na tandala mdogo kaskazini mwa Tanzania, na Uganda kwa nyati wa Queen Elizabeth. Anayeanzisha ranchi ya wanyamapori na kuzungusha uzio anafanya kilekile walichofanya New Zealand: anawabana wanyama waliozoea kutawanyika, kwenye chakula kimoja. Vipimo vya kulungu havijathibitishwa kwa swala, kwa hiyo msichukue milimita za hapa mkazipeleka huko. Ukaguzi wa tezi za kichwa kwa kila mzoga unaweza kuanza kesho, kwa kisu.

Na kwa wanaoshika nyama na usaha: M. bovis kwa asili yake anahimili pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za kawaida za mwanzo za kifua kikuu. Mchinjaji au bwana mifugo anayekohoa wiki mbili amweleze daktari anafanya kazi gani. Bila kuambiwa, daktari hana sababu ya kufikiria mnyama.

#14 BwanaMifugo77

Swali la mwisho kwa MikonoMiwili. Ukinunua dume mmoja wa mbegu kutoka shamba la C10, unampima?

#15 MikonoMiwili

Ndiyo, ila usimwamini kwa kipimo hicho. Maeneo ya New Zealand yenye udhibiti wa uhamisho yanataka kipimo safi ndani ya siku 60 kabla ya kuhama, kwa wenye umri zaidi ya siku 90. Hilo ni sharti la chini. Wewe omba historia: hadhi ya kundi, tarehe ya kipimo cha mwisho cha kundi zima, walichinja wangapi mwaka huu na ukaguzi ulisema nini. Shamba linalochinja mia mbili kwa mwaka bila tezi moja yenye jipu linakuambia zaidi kuliko shingo ya dume mmoja. Akifika mtenge, na uhesabu siku 90 kutoka tarehe aliyochomwa kwao, si tarehe aliyofika kwako, kabla hujamchoma tena.

#16 Pipeti

Hapo kwenye siku 90 kwa watakaokuwa Uingereza: wao kwa kulungu wanahesabu 120. Andikeni tarehe ya sindano kwenye karatasi ya mauzo, la sivyo mnunuzi atachoma ngozi iliyolala.